Meza ya Mwalimu, Ngamiani: tuisheni ya Kiingereza kwa anayehesabu Kiholanzi

Nimehudhuria kwa miezi mitatu tuisheni ya Kiingereza ya mwalimu mstaafu anayefundisha barazani kwake Ngamiani, hapa Tanga, na naiandikia kwa sababu sijaona mwingine aliyeiandikia. Ameniomba nisitaje jina lake. Ukifika kwenye zile barabara za namba ukaulizia mwalimu mwenye meza ya vitu vya sokoni, hata watoto watakuelekeza.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana bila hilo maoni yangu hayatakufaa. Nimezaliwa Chumbageni. Baba yangu alikuwa baharia, akashukia Rotterdam, Uholanzi, akabaki huko, na nilipofika miaka saba mama akanichukua tukamfuata. Nimesoma kule na nimefanya kazi kule: miaka sita kwenye nyumba za vioo za Westland, tunachuma nyanya na kuzipanga kwenye makasha, halafu miaka kumi na mitatu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kiswahili kilibaki cha mimi na mama, cha jikoni na cha kugombezwa. Cha kuhesabia kilikuwa Kiholanzi. Mpaka leo nikihesabu noti midomo yangu inacheza Kiholanzi, na dada anayenisaidia jikoni ameshazoea. Nilirudi Tanga miaka minne iliyopita, baada ya mama kufariki, nikafungua nyumba ya wageni ya vyumba vitano Raskazone.

Wageni wangu wanakuja kwa ajili ya Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na fukwe za Pangani, au wameshuka kutoka Lushoto wanataka kuona bahari. Wengine wanakuja kwa mambo ya ng'ombe, maana Uholanzi iliwashika mkono wafugaji wadogo wa maziwa wa Tanga tangu miaka ya 1980 na uhusiano huo haujakatika. Kiingereza nakisema nao wote bila kusita. Nilikisoma shuleni, na Uholanzi filamu za Kiingereza huonyeshwa kwa sauti yake yenyewe na maandishi ya Kiholanzi chini, kwa hiyo nimekisikia tangu utotoni. Kinachonishinda ni maneno ya kiasi: mengi, machache, kidogo, baadhi, jozi, nusu. Hapo nilikuwa nakosea kila siku bila kujua, kwa sababu Kiholanzi na Kiingereza ni ndugu wa ukoo mmoja, na neno la ndugu unalichukua bila kuliuliza lilikotoka.

Kosa lililonipeleka kwa Mwalimu lilikuwa la boti. Mtu na mkewe kutoka Uingereza walitaka kwenda Kisiwa cha Toten. Nahodha akaniambia maji yanaruhusu saa nane na nusu mchana, wasichelewe. Nikawaambia "half three". Kwa Kiholanzi saa nane na nusu ni "half drie", yaani nusu ya njia kuelekea saa tisa yetu. Mwingereza akisikia "half three" anaelewa kwamba saa tisa imeshapita na nusu yake juu. Walifika ufukweni saa tisa na nusu, na kofia zao na chupa zao za maji, nahodha kakaa juani saa nzima na bahari imeshatoka. Nilimlipa nahodha safari ambayo haikwenda, nikawaomba radhi wageni, na usiku ule usingizi ulinipaa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kinasema sawasawa na Mwingereza: nane, kisha nusu. Nahodha alinipa saa kwa Kiswahili, wageni walikuwa wanaitaka kwa Kiingereza, na mimi katikati nikaipitisha Uholanzi.

Nilikuwa nimeshalipia kozi ya kwenye simu kwa mwaka mzima. Ilinipa sentensi za kujaza nafasi, ikinipigia kengele nikipatia na kunionyesha rangi nyekundu nikikosa. Haikuwahi kunieleza kwa nini nimekosa. Nilipatia maswali mia kwa kubahatisha, na kesho yake nikisimama mbele ya mgeni nasema yale yale. Ile hela naihesabu imepotea.

Siku ya kwanza barazani kwa Mwalimu tulikuwa sita: mimi, kijana wa bodaboda, fundi seremala, binti aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na akina mama wawili wanaouza vitenge. Katikati palikuwa na meza ndogo, na juu yake fungu la nyanya, chane ya ndizi, kisado cha mchele, chupa ya mafuta ya kula, mkate, mche wa sabuni, mkasi, mtungo wa samaki wadogo, na sarafu chache. Kila mmoja alitakiwa aeleze kwa Kiingereza nyumba yake na vitu anavyonunua. Zamu yangu ilipofika nikasema, kwa haraka na kwa kujiamini: "I have much guests, and the most guests eat two breads."

Mwalimu hakunikatiza. Alisubiri nimalize, akavua miwani.

"Mwanangu, unaota kwa lugha gani?"

"Kiholanzi, Mwalimu."

"Wageni wengi wanasemaje?"

"Veel gasten."

"Na maji mengi?"

"Veel water."

Akaandika ubaoni "veel", na chini yake "-ingi". Akasema maneno haya mawili ni ndugu, kila moja linabeba watu na maji pamoja bila kubagua, lakini Mwingereza kalikata lake vipande viwili, "many" kwa watu na "much" kwa maji. Hilo nilikuwa nimeshaambiwa shuleni Rotterdam na halikunisaidia, kwa sababu unapoongea huna nafasi ya kusimama na kupima kama kitu kinahesabika. Ndipo akaniuliza swali ambalo kwa upande wangu ndilo lililolipa ada yote ya miezi mitatu.

"Sasa niulize idadi. Watu?"

"Wangapi."

"Maji?"

Nikataka kusema mangapi, ulimi ukakataa. "Kiasi gani."

"Na Kiholanzi?"

"Hoeveel mensen. Hoeveel water."

"Umesikia mwenyewe. Kiholanzi kinauliza kwa neno moja. Kiswahili kina mawili, Kiingereza kina mawili, na yamekatwa karibu mahali pamoja. Kila unapoweza kusema -ngapi, weka 'many'. Ukishindwa, ulimi ukakimbilia kiasi gani, weka 'much'. Umepewa njia na mama yako, kwa nini unazunguka Ulaya?"

Nilinyamaza. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Kiswahili changu cha jikoni kinajua jambo ambalo Kiholanzi changu cha shule hakilijui. Siku zote nilikiona kuwa lugha yangu iliyochakaa, ya kuombea radhi mbele ya watu wa Tanga wanaokisema vizuri. Nilirudi Raskazone kwa miguu jioni ile nikijisemea njia nzima: nyanya ngapi, mchele kiasi gani, wageni wangapi, mvua kiasi gani.

Kwenye uchache njia ni ile ile. Kiholanzi kina "weinig" kwa watu na kwa maji. Kiswahili kinasema watu wachache lakini maji kidogo, na Kiingereza kinasema "few" kwa wale na "little" kwa haya. Kwa wiki mbili nilikuwa kila nikitaka kufungua mdomo naipitia kwanza sentensi kwa Kiswahili, taratibu, na wageni walidhani nina aibu. Baada ya hapo ikaanza kuja yenyewe.

Lakini Mwalimu hakuniachia niamini kwamba Kiswahili kinapatia kila mara, na hapa ndipo tuisheni hii ilipozipita zote nilizowahi kuziona. Alinitaka niwe na daftari lenye safu tatu, Kiswahili, Kiholanzi, Kiingereza, na kila neno la kiasi tulilolikuta tuliandike tuone nani kamdanganya nani. Tulianza na mkate pale mezani. Kiswahili: mikate miwili. Kiholanzi: "twee broden". Lugha zangu zote mbili zinauhesabu, na zote mbili zinanipoteza, kwa sababu Mwingereza hauhesabu mkate, anahesabu umbo lake: "two loaves", na ukishakatwa ni "two slices". Mimi nilikuwa nawauliza wageni kila asubuhi wanataka "how many toasts". Samani nazo hivyo hivyo. Kwa Kiholanzi "meubels" ni nyingi, nami kwenye tangazo la vyumba vyangu niliandika "new furnitures", na lilining'inia mlangoni mwaka mzima.

Pesa inamkosesha Mswahili. Tunasema pesa ngapi, kwa hiyo kijana wa bodaboda alikuwa akiuliza "how many money", na kwa kanuni ya Mwalimu alikuwa sawa. Mwalimu akamwekea sarafu mkononi: hizi shilingi zihesabu, "many shillings", lakini pesa yenyewe ni kama mchele, "how much money". Mizigo pia tunaihesabu, mizigo mitatu, na Mwingereza haihesabu. Hapo Kiholanzi changu ndicho kilichokuwa sahihi, kwa sababu "bagage" ya Mholanzi haina wingi kama "luggage" ya Mwingereza. Ushauri ukageuza tena mambo: Mholanzi ana "adviezen", ushauri wenye wingi, nami nilikuwa nikiwaahidi wageni "some good advices" kuhusu njia ya kwenda msitu wa Amani, wakati Kiswahili hakina cha kuuongezea ushauri. Daftari lile sasa lina kurasa kumi na nne. Sijui kitabu chochote kilichotengenezewa mtu wa lugha hizi tatu, na mzee huyu alinitengenezea kimoja kwa kuniuliza maswali tu, maana Kiholanzi yeye hakijui hata neno.

Kuna somo moja lilimfundisha na yeye. Mwaka jana, kabla ya masika, mabomba yalikuwa yanatoa kwa shida. Fundi akaniambia maji yapo kidogo, nami nikamwandikia mgeni aliyeulizia chumba: "We have little water." Nilimaanisha yapo, yanatosha kuoga. Yeye akasoma kwamba hakuna maji ya maana, akaenda kulala kwingine. Nilipomsimulia Mwalimu akaandika "little" na "a little", "few" na "a few", akasema tofauti ni ile herufi moja mbele, na yenyewe inageuza upungufu kuwa nafuu. Nikamwambia kwamba Kiholanzi kinaijua tofauti hiyo vizuri kabisa: "weinig water" ni malalamiko, "een beetje water" ni afadhali. Kiswahili kinaiachia sauti ya msemaji. Mwalimu akaniangalia, akaandika "een beetje" ubaoni kwa herufi alizozikisia, na kuanzia siku hiyo nikawa na ruhusa ya kupitia Uholanzi ninapokuwa na haja.

Vipimo vilinichosha kuliko yote. Mholanzi akitaja namba mbele ya kipimo haongezi wingi: "drie jaar" (miaka mitatu), "twee uur" (saa mbili), "twintig kilo" (kilo ishirini), "vijf euro" (yuro tano). Siku, wiki na miezi anaziongeza, miaka na saa haziongezi. Kiswahili kinasema kilo ishirini, lita tano, saa mbili, na kilo ile ile iliyokuwa moja haibadiliki ikiwa ishirini. Kwa hiyo lugha zangu zote mbili zilinifundisha kuiacha ile "s" ya mwisho, na mimi nilikuwa naagiza "twenty kilo rice" na kuwaambia wageni nimeishi hapa "four year". Mwalimu alituzungushia mizani na tepu ya fundi seremala, kila mtu apime kitu akitaje: "two kilos", "three metres". Tulipoanza kuzoea akatuvuruga kwa makusudi, kwa sababu kipimo kikitangulia jina la kitu, "s" inaondoka tena: "a twenty-kilo bag", "a three-year-old child". Hilo lilitula vipindi viwili, na fundi seremala, ambaye vitanda vyake vyote ni vya futi sita, alilielewa kabla yangu.

Mizani ile ilinikumbusha keki. Mgeni wa Kiingereza, mama mtu mzima, aliniachia maelezo ya keki aliyoipenda, na yalitaka "four ounces" za siagi. Dukani Uholanzi jibini na nyama huagizwa kwa "ons", na "ons" ya siku hizi ni gramu 100 kamili, kama "pond" yao ilivyo gramu 500. Nikapima gramu 400. "Ounce" ya Mwingereza ni gramu 28 na kitu, kwa hiyo aliyoitaka haikufika hata gramu 115. Keki ilielea kwenye siagi na nikaitupa. "Pound" yao nayo ni kama gramu 454. Hayo nayaandika kwa ajili ya yeyote mwenye jiko na wageni wa mataifa mawili.

Na ile "een paar". Kwa Mholanzi maneno haya ni jozi na ni machache pia, unaelewa kwa mazungumzo yenyewe. Nilimwandikia muuza mashuka wa Mombasa kwamba kwa kuanzia nahitaji "a pair of pillows", nikiwazia sita au nane. Ikaja mito miwili, imefungwa vizuri, na gharama ya kifurushi cha basi nimeshalipa. Kiswahili hakichanganyi jozi na chache hata siku moja. Pia "pair" inahitajika mahali ambapo sisi hatuiwazii: suruali moja, mkasi mmoja, miwani, Mholanzi naye anavihesabu kimoja kimoja, lakini Mwingereza anaviona vina miguu miwili au vioo viwili, anasema "a pair of trousers", "a pair of scissors". Orodha yangu ya kufua nguo nimeiandika upya.

Kwenye simu nilikuwa nikiwauliza watu "with how many are you?", maana Kiholanzi ndivyo kinavyouliza, mko na wangapi, na jibu lake ni tuko na wanne, "we zijn met z'n vieren". Mgeni alikuwa ananyamaza kidogo, anajiuliza namaanisha wanne pamoja na yeye au bila yeye. Mwalimu alinipa "how many of you are there?" na "there are four of us", akanifanya nipige simu ya kujifanya barazani mara ishirini huku binti wa kidato cha nne akipokea upande wa pili.

Namba kubwa tulizipitia jioni moja tu, redio ya jirani ilipokuwa inasoma habari za bajeti. Trilioni ya redio yetu na ya Mwingereza ni namba moja, lakini Mholanzi huiita "biljoen", na bilioni yetu huiita "miljard". "Triljoen" yake ni moja yenye sifuri kumi na nane. Kumbe miaka minne yote nilikuwa nasikia bajeti ambayo haipo duniani.

Mwezi wa pili nilimleta mgeni wangu mmoja Mholanzi, mtaalamu wa malisho ya ng'ombe, aliyekuwa Tanga kwa majuma sita. Anasema Kiingereza kwa kasi kuliko sisi wote, ila alipojieleza alisema: "The most farmers have this problem already five year." Nilijisikia mwenyewe kwenye sentensi ile. "De meeste boeren" inahitaji "de" mbele, kwa hiyo Mholanzi anabandika "the", lakini "the most" ya Mwingereza ni yule aliyewazidi wote. Kwa wafugaji walio wengi anasema "most farmers", basi. Mwalimu alimweleza hilo vizuri. Tulipofika kwenye wangapi na kiasi gani, mgeni akakwama, maana Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha bei. Mwalimu akarudi mezani, akamwambia atenge vinavyookotwa kimoja kimoja na vinavyohitaji chombo, nyanya huku, mchele na mafuta kule. Alivitenga bila kosa. Shida ni kwamba ushauri, habari na kazi haviwekeki mezani, na Mwalimu hakuwa na njia ya pili ya kumfikisha huko. Alikuja vipindi vinne akaacha kwa heshima. Kwa hiyo nasema wazi: kama wewe ni Mholanzi au Mbelgiji wa Kiholanzi na Kiswahili bado hujakipata, darasa hili litakufaa nusu tu. Nguvu yake yote imesimama juu ya Kiswahili cha mwanafunzi.

Nina jingine la kulalamikia. Mwalimu hapendi "a lot of". Anasema ni kichaka cha kujifichia mtu asiyetaka kuchagua kati ya "much" na "many", na kwa mwezi wa kwanza alitukataza kabisa. Nikawa nasema "I have much work today" na wageni wananielewa lakini naona nyuso zao. Nikaanza kuwasikiliza. Waingereza wenyewe wakikubali jambo, kwa mazungumzo ya kawaida, karibu kila mara wanasema "a lot of work", na "much" wanaiweka wakikana au wakiuliza: "not much work", "how much work". Wanaosema "much work" bila kukana ni sisi tuliotoka kwenye "veel werk". Nilimweleza Mwalimu baada ya kipindi, kwa adabu, wenzangu wakiwa wameondoka. Alifikiri mpaka Jumatano iliyofuata, akaliandika ubaoni, akasema kwenye kuongea tuiseme na kwenye barua tuchague. Nimeridhika, ila mwezi mzima wa kuzoea vibaya ulikuwa mrefu, na mwanafunzi mpya amwulize mapema. Kwenye "fewer", ya vinavyohesabika, na "less", ya visivyohesabika, naye ni mkali kupita wenye lugha yenyewe: nimewasikia wageni wa London wakisema "less people" mbele yangu bila wasiwasi. Nafuata anavyofundisha, kwa sababu mtihanini ndivyo watakavyosahihisha, lakini sitamsahihisha mgeni.

Mengineyo ni ya kawaida. Benchi halina egemeo, na mwenye mgongo mbaya aje na mto. Mvua ikipiga kutoka upande wa barabara ubao unalowa na kipindi kinavunjwa. Anatuma ujumbe mapema, hilo namshukuru. Hatoi karatasi za kusoma wala cheti, kila kitu ni cha kuandika mwenyewe. Viwango vimechanganywa, na akina mama wa vitenge, walioanza karibu na sifuri, nadhani walistahili jioni yao peke yao. Yeye anasema wanajifunza kutoka kwetu. Mimi niliwaona wakichoka.

Ada ni shilingi 4,000 kwa kipindi, unalipa unapokuja, usipokuja hudaiwi. Vipindi ni Jumatatu na Jumatano, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka adhana ya magharibi. Nampa nyota nne kati ya tano. Kwa Mtanga aliyerudi kutoka Uholanzi au Ubelgiji, na tuko zaidi ya mmoja, ningempa tano.

Juzi simu ililia nikiwa jikoni. Sauti ya Kiingereza, inaulizia vyumba vya mwezi ujao. Nikauliza "how many of you are there?" na yule mtu akajibu papo hapo, bila ule unyamavu: "There are four of us, with quite a lot of luggage." Nikaandika wanne, vyumba viwili, na gari kubwa la kuwapokea stendi.

Jumatatu kumejaa. Jumatano zilikuwepo nafasi mbili nilipoondoka. Nenda na daftari lako, na ukipita soko la Mgandini nunua kitu kimoja cha kuweka mezani; mkate anao siku zote.